Simu mkononi, Kinindo machoni

Kwa mkimbizi, picha ilikuwa ya kuandikishwa tu: uso mbele, usicheke. Kwetu Ulyankulu, mkoani Tabora, kwenye makazi ya waliokimbia mwaka 1972, nilikosoma, hapakuwa na picha hata moja ya Burundi.

Sasa kila Jumapili alfajiri natembea Kinindo na simu yangu. Napiga picha za baiskeli zilizosheheni ndizi, mama muuza ndagala, na milima ya Kongo ng'ambo ya Tanganyika, ambayo jua huiangazia kabla yetu. Watu nawaomba ruhusa kwanza. "Amahoro" hufungua mlango.

Ndugu mrejeaji, nawe mfanyabiashara wa mpakani, jaribu. Mzee aliyebaki Tanzania atakuuliza nyumbani kukoje. Mwonyeshe.