Akiba Haiozi, Ila Angani Ina Uzito

Tarehe 17 Agosti 2022, ndege ndogo ya kutua majini aina ya Beaver, muundo wa miaka ya 1950, iliruka karibu na jiji la Vancouver huko Kanada, na dakika 24 baadaye ikatua Pat Bay, upande wa pili wa bahari. Ilikwenda kilomita 72 bila tone la mafuta, kwani kampuni ya Harbour Air ilikuwa imeing'oa injini yake ya pistoni na kuifungia mota ya umeme. Masafa hayo hayatofautiani sana na ya Dar es Salaam hadi Unguja, safari ambayo ndege za Caravan huifanya kutwa kucha kwa dakika 20 hivi. Kwa nini basi Caravan bado zinanguruma kwa mafuta? Wengi hujibu kwamba betri haifiki mbali. Lakini Unguja si mbali. Kinachokwamisha ni akiba.

Tuhesabu kwa uniti zile zile za umeme tunazonunua kwa LUKU, yaani kilowati-saa. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya takriban uniti 12. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina robo uniti tu, na ukiongeza kasha na mitambo ya kuipoza, hata robo hiyo haitimii. Ni kweli mota ya umeme haina uharibifu: zaidi ya asilimia 90 ya umeme hufika kwenye pangaboi, ilhali injini ya mafuta huambulia kama theluthi na kilichobaki hupotea kuwa joto. Hata ukiipa mota haki yake, kwa kazi ile ile betri bado ina uzito wa mara 15 hadi 20 wa mafuta. Tena mafuta hupungua kadiri safari inavyosonga, lakini betri hutua na uzito ule ule ilioruka nao. Itazame Velis Electro ya Pipistrel, kampuni ya Slovenia, ndege ya kwanza ya umeme kupewa cheti kamili na mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, mwezi Juni 2020. Betri zake mbili, moja puani na nyingine nyuma ya viti, zina uniti zisizozidi 25, theluthi ya zile 75 ambazo ni kikomo cha mwezi cha mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO. Nafasi ya kubeba ni kilo 172: watu wawili wa kilo 86 kila mmoja, na begi libaki chini.

Sasa weka sheria juu ya hesabu hiyo. Katika nchi nyingi, rubani anayeruka mchana kwa kutazama nje hutakiwa afike na akiba ya nishati ya kuruka dakika 30 zaidi. Usiku au katika mawingu, zaidi ya hapo. Kwa hiyo safari ya dakika 20 inadai nishati ya dakika 50, na zaidi ya nusu ya betri inabebwa ili isitumike. Kwa Caravan, mafuta ya nusu saa ni uzito wa abiria mmoja au wawili. Kwa ndege ya betri, nusu saa hiyo inaweza kuwanyang'anya abiria karibu viti vyote.

Wapo wanaosema akiba ipunguzwe kwa safari fupi. Sikubaliani nao: mvua ya masika haijali urefu wa safari, na njia ya kurukia inaweza kufungwa ghafla kwa sababu ya ndege moja iliyopasuka tairi. Wengine wanahoji faida yenyewe, kwamba umeme nao huzalishwa kwa gesi. Hoja hiyo ina uzito zaidi mahali pengine kuliko Tanzania, ambako bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Hoja ninayoiona nzito ni ya uchakavu. Betri inayostahimili chaji kamili 1,000, ikichajiwa mara nane kwa siku, haimalizi miezi mitano, na fedha anayookoa fundi kwa mota isiyo na pistoni wala vali inaweza kuishia hapo.

Ndiyo maana hatua ya Heart Aerospace, kampuni iliyoanzishwa Sweden, inafaa kutazamwa. Mwaka 2022 iliachana na mpango wa ndege ya betri tupu yenye viti 19, ikachora ya viti 30: betri kwa kilomita 200 za kwanza, na jenereta ya mafuta kwa akiba. Wako walioiona kama kushindwa. Mimi naona wamegawa kazi kwa busara. Katika safari kama ya Dar hadi Unguja, betri ingefanya kazi ya kila siku, na mafuta yangekaa kwenye tangi yakisubiri siku ambayo rubani, Unguja ikiwa tayari machoni pake, anaambiwa na mnara arudi Dar.