Raketi ya Mbao Katika Mitumba ya Nyamache

Neno mitumba likitajwa, fikra za wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye nguo: sweta la mtoto, shuka, pazia, au koti la baba. Lakini ndani ya mabelo yale husafiri vitu vingi visivyo nguo, na baadhi yake vina historia ndefu kuliko umri wa anayeviuza na anayevinunua. Mwezi uliopita tulikutana na kimoja kati ya vitu hivyo mahali ambapo hatukukitarajia.

Tulikuwa tumesafiri kutoka Mombasa kwenda Nyamache, katika Kaunti ya Kisii, kumjulia hali ndugu yetu anayefanya kazi huko. Nyamache ni mji mdogo ulio katika vilima vya kijani, umezungukwa na migomba na mashamba ya majani chai ambayo wakulima wadogo huyapeleka kiwandani mumo humo Nyamache. Kwa sisi tuliozoea jasho la pwani, baridi ya alfajiri ilitushinda siku ya kwanza tu. Mama yetu mzazi, ambaye tulikuwa naye safarini, aliswali akiwa amejifunika blanketi. Kulipokucha tukaenda sokoni kutafuta masweta.

Muuzaji tuliyemwendea alikuwa mama wa makamo aliyetandaza turubai kando ya njia. Tulimwamkia kwa neno moja la Kikisii tulilofundishwa na mwenyeji wetu, "Bwakire", naye akacheka kwa furaha na kutujibu kwa Kiswahili ili tusipate tabu. Masweta tuliyapata. Pembeni mwa turubai, baina ya wanasesere na viatu vya watoto, kulikuwa na raketi mbili za tenisi. Moja ilikuwa ya aluminiamu, nyuzi zake zimekatika. Ya pili ilikuwa ya mbao, imebanwa ndani ya kibanio cha mbao chenye skrubu nne, na juu ya shingo yake lilisomeka jina Dunlop Maxply.

"Hiyo ni mia na hamsini," akasema yule mama. "Watoto watachezea."

Raketi za mbao zilikotoka

Msomaji ambaye hajawahi kushika raketi ya mbao huenda akajiuliza ina nini cha ajabu. Kwa karibu miaka mia moja, tangu tenisi ya uwanjani ilipoenea Uingereza katika miaka ya 1870, mbao ndizo zilizotumika. Raketi kama ile fundi hakuichonga kutoka katika gogo moja. Alichukua tabaka nyembamba za mbao ngumu, akazilainisha, akazipinda kwa umbo la yai, kisha akazigandisha pamoja kwa gundi. Kazi hiyo ilihitaji mikono iliyozoea. Viwanda maarufu vilikuwa Uingereza, Marekani na Ubelgiji, na pia katika mji wa Sialkot, ulio Pakistan ya leo, ambako mafundi walitengeneza raketi tangu zama za utawala wa Waingereza. Mji huo hadi leo unasifika duniani kwa mipira ya miguu inayoshonwa kwa mkono.

Mabadiliko yalianza mwaka 1967, kampuni ya Wilson ilipoanza kuuza raketi ya chuma iliyobuniwa na bingwa wa zamani wa Ufaransa, René Lacoste. Mwaka 1976 kampuni ya Prince ikaleta raketi ya aluminiamu yenye kichwa kikubwa mno kuliko kilichozoeleka. Baadaye zikaja raketi za grafiti, nyepesi na zenye nguvu, na mbao zikaanza kuachwa. John McEnroe alishinda Wimbledon mwaka 1981 kwa raketi ya mbao ya jina lile lile tuliloliona Nyamache. Mwaka 1983 Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé nchini Cameroon, akashinda mashindano ya Ufaransa kwa raketi ya mbao. Baada yake hakuna mwanamume mwingine aliyetwaa moja ya mataji manne makubwa kwa raketi ya namna hiyo. Ilipofika mwaka 1987, raketi ya mbao ilionekana Wimbledon kwa mara ya mwisho.

Ndipo raketi hizo zikaingia madarini na vyumba vya stoo huko Ulaya na Marekani. Mwenyewe anapozeeka au kufariki, wanawe husafisha nyumba, na vitu hupelekwa kwenye maduka ya vitu vilivyotolewa sadaka. Visivyonunuliwa hufungwa na kusafirishwa. Vingi vya Kenya hushukia bandari yetu ya Mombasa, hupandishwa magari hadi Gikomba jijini Nairobi, na kutoka huko husambaa hadi miji midogo kama Nyamache. Kwa hiyo huenda raketi ile ilipita karibu na nyumba zetu kabla ya sisi kuifuata milimani.

Mnong'ono sokoni

Kaka yetu mmoja alicheza tenisi alipokuwa mwanafunzi. Alipoiona raketi ile macho yake yalibadilika. Akainama na kutunong'oneza, "Lipeni upesi tuondoke. Hii ina watu wanaoitafuta duniani."

Mama yetu alimsikia. Hakupandisha sauti, lakini alisema, "Mwanangu, bei ya halali hainong'onwi."

Tukasimama pale tukiwa na noti mkononi. Wakusanyaji wa vitu vya kale wa nchi zote hujisifu kwa jambo hili hili: nilikinunua kwa senti chache kwa mtu asiyejua thamani yake. Husimuliwa kama ushujaa. Na kweli, yule mama alitaja bei mwenyewe, na hakuna aliyemdanganya. Basi kosa liko wapi?

Mama akatukumbusha kisa cha sahaba Jarir bin Abdullah, Mwenyezi Mungu amridhie. Jarir alikuwa amempa Mtume, rehema na amani zimshukie, ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Siku moja akanunuliwa farasi kwa dirhamu mia tatu. Alipomwona, akamwambia muuzaji kwamba farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, je, atamuuza kwa mia nne? Akaendelea kuongeza mia baada ya mia, mpaka akamlipa mia nane. "Na huyu mama wa watu," mama yetu akasema, "kwa kuwa si wa dini yetu, ndiyo tumfanyie pungufu?"

Hapo ni vyema msomaji aelewe muuzaji wa mitumba anaishi vipi. Belo la nguo la kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hivi, na hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi haruhusiwi kulifungua kwanza akatazama. Akilipasua akakuta nguo zilizochanika, hasara ni yake. Vile vilivyo bora, ambavyo huchaguliwa mapema, huitwa kamera. Vinavyobaki mwisho, vinavyouzwa kwa bei ya chini kabisa, huitwa fagia. Kwa faida ya kamera chache, muuzaji hufidia hasara ya fagia nyingi. Yule mama alikuwa ameiweka raketi ile miongoni mwa fagia. Tukimnyamazia, tunamnyima sehemu ya faida inayomwezesha kununua belo la pili.

Basi kaka yetu akachuchumaa na kumwambia, "Mama, hii si ya watoto kuchezea. Ni ya mbao, ni ya zamani, na wako watu wanaozikusanya. Unaweza kuuza zaidi ya mia na hamsini."

Tulidhani atafurahi. Badala yake alituangalia kwa shaka. "Mnunuzi anapandisha bei mwenyewe? Umeona nini ndani yake?" Akaichukua, akaigeuza, akaitikisa sikioni kama anayesikiliza kama kuna kitu kimefichwa mpinini. Wauzaji wa karibu wakasogea. Ikabidi kaka yetu aeleze kwa utulivu, amwonyeshe tabaka za mbao, jina la mtengenezaji na kazi ya kibanio. Shaka ikaondoka polepole. Jirani yake mmoja akasema kwa masikitiko kwamba yeye aliwahi kupata kama hiyo, akaivunja kuni ya kuchemshia chai.

Mwishowe yule mama akasema, "Nipe mia nne, na ile ya aluminiamu uchukue." Tukampa mia tano kwa zote mbili, naye akazifunga kwa gazeti. Kisha akauliza swali ambalo tungestahili kulitarajia: "Nikipata nyingine, nitaijuaje?"

Namna ya kuikagua na kuitunza

Tulichomweleza yeye tunawaeleza na nyinyi, kwani vitu hivi hupatikana pia Kongowea na katika masoko yetu mengine.

Kwanza, itazame raketi kwa urefu wake, kutoka mpinini hadi kichwani, kama mtu anayelenga mshale. Ikiwa imejipinda, haitanyooka tena kwa urahisi. Pili, chunguza shingo, pale kichwa kinapoungana na mpini, na vitundu vya nyuzi, kwani ndiko nyufa huanzia. Tatu, angalia vitundu vidogo vinavyomwaga unga wa mbao. Hiyo ni alama ya wadudu, na kitu cha namna hiyo usikiingize nyumbani mwenye milango na makabati ya mbao. Nne, tazama jina, nembo na nchi ilikotengenezwa. Maandishi yaliyosomeka vizuri huongeza thamani, na anayeyasugua kwa msasa ili raketi ing'ae huiharibu.

Hapa pwani adui mkubwa ni unyevu. Mbao hunyonya maji ya hewani na kupinda, hasa zinapovutwa na nyuzi zilizokazwa. Ndiyo maana wenyewe walizibana katika vibanio. Ihifadhi raketi ndani ya kibanio chake, au itundike ukutani, mbali na jua na dirisha. Usiiegemeze kwenye kona, wala usiiache ndani ya gari. Ifute kwa kitambaa kikavu, kisha ipake nta kidogo. Skrubu za kibanio zipake mafuta, kwani hewa ya chumvi huzila. Nyuzi za kale zikitaka kuondolewa, zikatwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu za wima na ulalo, ili fremu isilegezwe upande mmoja ghafla.

Wala asidhani mtu kwamba amepata hazina. Tuliporudi nyumbani, kaka yetu alifanya uchunguzi wake na kutujia akicheka kwa aibu. Raketi za mbao za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa wingi mno, na hata huko Ulaya nyingi huuzwa kwa bei ndogo. Zinazotafutwa hasa ni zile za kabla ya miaka ya 1930, zenye vichwa bapa juu au vilivyoinama upande, na mipini iliyopanuka mwishoni kama mkia wa samaki. Yetu haikuwa miongoni mwa hizo. Tungelimficha yule mama ukweli, tungeliubeba mzigo wa nafsi kwa ajili ya shilingi chache tu.

Ya ukutani na ya uwanjani

Raketi ya mbao sasa imetundikwa sebuleni. Wageni huiulizia, na watoto hujifunza kupitia kwake kwamba kila kitu kilitengenezwa na mikono ya mtu. Lakini iliyoleta furaha zaidi ni ile ya aluminiamu tuliyoongezewa. Fundi aliitia nyuzi mpya, na binti yetu wa miaka kumi hupiga nayo mpira ukutani baada ya madrasa. Raketi ya mbao ingelikuwa nzito kwa mkono wake, na kichwa chake ni kidogo mno kwa anayejifunza.

Tunamsimulia habari za Angella Okutoyi, binti wa Kenya aliyeshinda Wimbledon ya vijana mwaka 2022, katika mchezo wa wachezaji wawili wawili, na kuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana la mashindano makubwa. Tunamsimulia pia habari za Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefika fainali ya Wimbledon mwaka huo huo wa 2022 na tena 2023. Tenisi yaweza kuchezwa kwa vazi la stara, uani au katika uwanja wa shule, na mwili wa binti unahitaji mazoezi kama wa ndugu yake.

Jambo moja lilibaki. Kukusanya vitu vya kale ni burudani nzuri, lakini huweza kugeuka ulafi, nyumba ikajaa na mtu asijue tena anacho nini. Kwa hiyo tumewekeana sharti: ukutani hazitazidi raketi tatu, na ya kuchezea ikipatikana ya ziada, hupewa mtoto asiyekuwa nayo.

Sharti hilo limejaribiwa mapema. Juma hili ndugu yetu wa Nyamache alitupigia simu. Yule mama amepasua belo jipya, amepata raketi mbili za mbao, ameziweka pembeni na kuwakataza wateja wengine wasizishike. Bei amekwisha kuipanga mwenyewe: mia sita kila moja. Kaka yetu alitaka kuomba punguzo. Mama yetu akamtazama tu, naye akatuma pesa.