Katapila ndogo ya kuvutwa, moteri imekufa: tununue ao tuache?



Kooperative za mupunga za Bonde la Ruzizi ziko na miezi mitatu tu, toka mwezi wa sita mupaka wa nane, ya kusafisha mifereji mbele mvua irudi. Salongo inafanya kazi kubwa. Lakini mufereji mukubwa uliojaa matope mita nzima hauishe kwa majembe, na mutu akipiga siku tatu ndani ya maji anapanda na homa. Ndiyo sababu watu wanaanza kuangalia zile katapila ndogo za kuvutwa, zilizotumika ng'ambo, zinazopitia Dar es Salaam ao Mombasa. Bei yake inavutia, zaidi sana kama moteri imekufa. Swali tunaloulizwa ni moja: tuitie moteri ya kinu, moteri ya mazutu ya silinda moja, itachimba?

Inaweza kuchimba. Lakini kuna hesabu ya kufanya mbele feza za wanamemba zitoke ndani ya sanduku.

Kwanza tuelewane juu ya masini yenyewe. Ni mukono wa chuma wenye ndoo, uliofungwa juu ya kitoroli cha magurudumu mawili. Gari ao trakta inaivuta mupaka kazini. Pale inashusha miguu ya kusimamia, moteri inazungusha pompi, na pompi inasukuma mafuta ndani ya vereni, yaani yale mabomba ya chuma yenye fimbo inayotoka na kuingia. Haiendi yenyewe. Ili isogee, mwendeshaji anapiga ndoo chini na kujivuta. Nyingi zinachimba kina cha mita 2 hivi. Ni masini ya mufereji mukubwa, ya kisima cha samaki, ya shimo la choo. Si masini ya kufungua barabara.

Sasa ununuzi. Muuzaji atawaonyesha moteri, sababu moteri ndiyo inapiga kelele. Mimi ningeanza na chuma. Moteri inapatikana Uvira, Bukavu na Goma, na mekanisie wa kinu anaijua. Vereni iliyoliwa na kutu, huyu wa kuitengeneza vizuri ni wa kutafuta. Kwa hiyo masini yenye moteri iliyokufa na vereni nzuri ina faida kuliko ile inayonguruma huku mafuta yanachuruzika.

Pitisheni ukucha juu ya kila fimbo ya vereni, toka mwanzo mupaka mwisho. Ukucha ukikwama, kuna mukwaruzo ao shimo la kutu, na raba za ndani mutakazotia zitakatika kwa siku chache. Angalieni mizizi ya mukono, pale unapogeukia kushoto na kuume. Watu wawili wainue ndoo kwa muti: kama mukono unacheza mbele chuma kikubwa kianze kusogea, akse na bushi zake zimekwisha. Hiyo si sababu ya kukataa, akse inatengenezwa na fundi wa turu, lakini ni sababu ya kushusha bei. Nyufa pembeni ya mahali palipochomelewa zinajificha chini ya rangi mupya. Rangi mupya peke yake mahali pamoja, muikwangue. Fungueni pia tangi ya mafuta ya pompi. Mafuta meupe kama maziwa yana maji ndani, na kama maji yamelala mwaka muzima, kutu imeingia mupaka ndani ya pompi.

Kama muuzaji anaweza kufunga moteri yoyote kwa saa moja, mupime hivi: jazeni ndoo udongo, inueni mukono, zimeni moteri, wekeni alama na mungoje dakika kumi. Mukono ukishuka polepole sana, sawa. Ukishuka mukiangalia, mafuta yanapita ndani ya vereni ao ndani ya distributeri. Mutu asikae chini ya mukono wakati wa kipimo hiki. Muuzaji akikataa kabisa kupima, mulipe bei ya chuma, si bei ya masini.

Tufike kwa hesabu, sababu hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Watu wanasema: moteri ya zamani ilikuwa ya esanse, shevo 16, basi tutafute ya mazutu ya shevo 16, na tumemaliza. Haitoshi kusema hivyo. Moteri ndogo ya esanse inazunguka mara 3600 kwa dakika. Moteri ya silinda moja ya kinu, mufano S195 ya shevo 12, inazunguka mara 2000. Pompi inatoa mafuta kufuatana na muzunguko. Tuseme pompi yenu inatoa santimita kyubu 10 kila ikizunguka mara moja. Kwa 3600 ilikuwa inatoa lita 36 kwa dakika. Kwa 2000 itatoa lita 20.

Je, masini itakuwa zaifu? Hapana, na hili ndilo ningependa kila komite ilishike. Nguvu ya ndoo ya kung'oa udongo inatoka kwa presheni. Presheni inawekwa na valvu ya usalama ya distributeri, si na moteri. Wingi wa mafuta unaleta mbio tu. Kwa hiyo katapila yenye lita 20 itang'oa jiwe lile lile ililokuwa inang'oa, lakini mukono utatembea karibu nusu ya mbio ya zamani. Kwa kuchimba mufereji ndani ya udongo wa mufinyanzi, mwendo wa polepole si ubaya mukubwa. Mwendeshaji anayejifunza atabomoa vitu vichache.

Ili kujua moteri gani inatosha, chukueni lita za mafuta kwa dakika, muzizidishe na presheni kwa bari, mugawanye kwa 450. Mutapata shevo. Kisha muongeze robo, sababu pompi na mipira vinakula sehemu yao. Tuchukue presheni ya bari 160. Kwa lita 36: mara 160, gawanya 450, ni karibu 13, pamoja na robo, 16. Ndiyo ile moteri ya esanse ya zamani. Kwa lita 20: karibu 7, pamoja na robo ni 9. S195 ya shevo 12 inaibeba bila kuhangaika.

Mukitaka mbio zaidi, mutumie puli. Puli ya moteri ya santimita 20 na ya pompi ya santimita 16 zinapandisha 2000 kuwa 2500. Lita 25, shevo 11. S195 bado inaweza, lakini ni mupaka wake. Zaidi ya hapo, moteri itazimika kila ndoo ikikuta jiwe. Mwenye S1100 ya shevo 15 hivi, inayozunguka 2200, anaweza kufika lita 33 kwa puli za 24 na 16. Lakini someni kibati cha pompi: kuna muzunguko usiopaswa kupitishwa.

Kuna mafundi watakaosema: kazeni tu ile skrubu ya valvu ya usalama, masini itapata nguvu. Kweli, itapata, mupaka siku muguu wa kusimamia upasuke ao mupira wa mafuta ukatike mbele ya uso wa mutu. Valvu inapimwa na manometri iliyofungwa kwenye mustari wa pompi, na inawekwa kwenye presheni iliyoandikwa na mutengenezaji. Kama maandishi yamefutika, afazali ibaki chini. Mukono uliokataa kung'oa jiwe haujaua mutu.

Kufunga moteri kunahitaji uangalifu kwa mambo matatu. La kwanza ni uzito. Moteri ya esanse ya shevo 13 ina kilo 30 na kidogo; S195 inapita kilo 140. Ukiiweka mahali pa ile ya zamani, kitoroli kinaweza kuinamia upande, ao kuinua kichwa njiani. Muikalishe karibu na magurudumu, kisha mupime uzito unaokaa juu ya ndoano ya kuvutia: watu wawili wainue kichwa cha kitoroli, kinapaswa kuwa kizito mikononi, lakini kiinuke. Kikiruka chepesi, gari litayumbishwa kwenye mutelemuko.

La pili ni upande wa kuzunguka. Pompi nyingi za gia zinazunguka upande mumoja tu, na mushale umeandikwa juu ya mwili wake. Ukizungusha kinyume, haivuti mafuta, na raba ya akse inaruka. Tena pompi ile ile, ukiigeuza ikae upande wa pili wa moteri, muzunguko wake unakuwa kinyume. Kwa hiyo mbele ya kuchomelea kitu chochote, zungusheni moteri kwa manivela polepole, musimame mbele ya akse ya pompi, mulinganishe na mushale. Dakika moja, bure.

La tatu ni mukanda. Pompi ya gia haipendi kuvutwa kwa upande. Musifunge puli moja kwa moja juu ya akse yake. Puli ikae juu ya akse fupi yenye rulema mbili, na pompi ishikane na mwisho wa hiyo akse. Wekeni na puli ndogo ya kulegeza na kukaza mukanda, kama kwenye vinu vyetu vingine: mutapiga manivela bila kuzungusha pompi, hasa asubuhi mafuta yakiwa mazito. Na mukanda ufunikwe na kibati. Kitenge, koti la mvua, mukono wa mutoto: mukanda hauchagui.

Mafuta. Mumwage yote ya zamani, mufungue na kupangusa tangi kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mutie filtri mupya. Mutumie mafuta ya idroliki namba 46, ao 68 kwa joto la Uvira. Mafuta ya moteri yaliyotumika hapana. Mawese ni ya sombe. Siku ya kwanza, acheni moteri izunguke polepole, kila mukono wa distributeri usukumwe mara nyingi bila muzigo ili hewa itoke, mwangalie tangi kama inatoa pofu. Baada ya masaa ya kwanza ya kazi mubadilishe filtri tena, sababu uchafu wa miaka umetikisika.

Na hapa musome polepole. Mafuta ya bari 160 yakitoka kwenye tundu dogo la mupira yanaingia ndani ya ngozi kama sindano. Inaonekana kama mbu ameuma, haiumi sana saa ya kwanza. Mutu huyo anapaswa kufika hospitali inayopasua siku ile ile, si kesho, hata akisema ni muzima. Akichelewa anaweza kupoteza kidole ao mukono muzima. Uvujaji unatafutwa na kipande cha kartoni, hautafutwi na kiganja hata siku moja. Na mbele ya kufungua mupira wowote, ndoo ilale chini, moteri izimwe, mikono ya distributeri isukumwe pande zote ili presheni iishe.

Kazini, mimi kama mutu wa kilimo nina mambo yangu. Ndoo inakata kuta zilizosimama wima, na udongo wa bonde ukilowa unaanguka ndani. Masini ichimbe katikati, kisha salongo ipite na majembe kulaza kuta. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande wake urudi shambani. Matope ya chini yawekwe mbali na ukingo, angalau mita moja, la sivyo mvua ya kwanza inayarudisha mulimoyatoa. Mifereji midogo ya kuingiza maji ndani ya parseli, musiitie masini. Inakuwa mipana, maji yanalala, na mwenye parseli ya mwisho anakosa. Ndani ya kinamasi chenyewe pia hapana: magurudumu yanazama, na hakuna cha kuivuta.

Mazutu: S195 ikifanya kazi kwa nguvu yake yote inakunywa kama lita 2 na nusu kwa saa. Kuchimba si nguvu yote wakati wote, kwa hiyo mutakuwa chini ya hapo. Mushike daftari: masaa, lita, mita za mufereji, piesi zilizonunuliwa. Baada ya juma mbili, gawanyeni gharama kwa mita, mulinganishe na chakula na malipo ya watu wa majembe kwa mita ile ile. Kama kooperative yenu iko na mita mia tatu tu za mufereji mukubwa, nina mashaka kama masini itawahi kujilipa, isipokuwa jirani waikodi. Kwa kooperative kadhaa zinazotumia mufereji mumoja, inunuliwe pamoja, na mwendeshaji awe mumoja anayejulikana, mwenye ufunguo, anayetia grisi kila asubuhi mbele ya kuwasha. Masini ya watu wote bila mwendeshaji haimalize kipwa kimoja.

Mvua ikirudi, muilaze chini ya paa, fimbo za vereni zikiwa zimeingia ndani zote. Zile zisizoweza kuingia zipakwe grisi.