Fedha ya Utafiti Huja na Swali Lake

Desemba 2022 jarida la Science Advances lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika bonde la Issa, eneo lililokuwa ndani ya wilaya ya zamani ya Mpanda, mkoani kwetu Katavi. Watafiti waliwafuatilia sokwemtu wanaoishi kwenye miombo ya wazi, wakakuta kwamba wanyama hao wanaposimama kwa miguu miwili, mara nyingi huwa juu ya miti na si chini. Kwa wanaochunguza asili ya binadamu hilo lilikuwa jambo zito. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mababu zetu walianza kutembea wima baada ya misitu kupungua na nyika kutanda. Matokeo ya Issa yalitia shaka maelezo hayo, na habari za sokwe wake zikasambaa dunia nzima.

Desemba ndio mwezi ambao mahindi ya Mpanda bado ni machanga, na ndio wakati viwavijeshi vamizi wanapoingia shambani. Wadudu hao waliripotiwa nchini mwaka 2017, kwa kuanzia na jirani zetu wa Rukwa. Mkulima wa Kabungu, hapa hapa Katavi, naye ana maswali yake. Dawa ipi inafaa, kwa kiasi gani, ipigwe saa ngapi, na je, mbegu aliyouziwa inafaa kwa udongo wake? Hayo nayo ni maswali ya sayansi, na majibu yake hayapatikani bila majaribio. Ila hakuna jarida la kimataifa linaloyasubiri.

Simaanishi kwamba sokwe wa Issa hawana maana. Nina fahari kwamba jibu la swali kubwa namna hiyo limetoka mkoani kwetu. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba swali hilo lilikuwa na mlipaji. Kazi ya Issa imesaidiwa kwa miaka mingi na CARTA, kituo cha pamoja cha Chuo Kikuu cha California, San Diego na Taasisi ya Salk, ambacho kiliundwa mahususi kuchunguza binadamu ametoka wapi. Mlipaji alikuwa na swali lake, Katavi ina miombo na sokwe, basi utafiti ukaja Katavi. Swali la Kabungu lilihitaji mlipaji mwingine, na huyo kwa kawaida ni serikali.

Serikali hulipaje? Njia ya kwanza ni kuitunza taasisi yenyewe kwa mishahara, majengo na mashamba ya majaribio. Ndivyo ilivyo kwa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Vituo vyake vikubwa vilivyo karibu nasi ni Uyole kule Mbeya na Tumbi kule Tabora. Njia ya pili ni ushindani. Sheria ya mwaka 1986 iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikachukua nafasi ya baraza la UTAFITI lililoanzishwa mwaka 1968. Tume husimamia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, MTUSATE. Hutangaza wito, watafiti huleta maandiko ya miradi, wataalamu huyapima, na wachache hupata. Anayeandika wito ndiye anayeamua kipi kiulizwe, hata kabla mtafiti hajashika kalamu.

Ipo pia njia ya wadau wa zao kujichangia. Tumbaku ina taasisi yake ya utafiti, TORITA, kule Tabora, na kahawa ina TaCRI. Mazao haya huuzwa kwa mfumo unaojulikana, kwa hiyo ni rahisi kukata mchango mnadani au kwenye mauzo. Mahindi hayana mnada wa namna hiyo. Mengi huliwa nyumbani au huuzwa gunia kwa gunia barabarani, na hakuna mahali pa kukata hata senti ya utafiti. Ndiyo maana chakula cha watu hutegemea Hazina kuliko zao la biashara linavyoitegemea, na Hazina inapobana, mahindi huumia kwanza.

Kuna wakati Hazina imefungua mkono. Katika bajeti ya Wizara ya Kilimo, fungu la utafiti lilipanda kutoka takriban Sh bilioni 11.6 mwaka 2021/22 hadi takriban Sh bilioni 40.7 mwaka 2022/23. Ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo kutengewa fedha si kuzipokea, na jaribio la shambani halisubiri. Fedha ya mbegu ikifika Machi, msimu wa kupanda umekwisha na mtafiti amepoteza mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye vipimo. Nchi nyingi hupima utafiti kwa mwongozo wa Frascati, uliopewa jina la mji wa Italia ambako wataalamu wa nchi tajiri walikutana mwaka 1963. Kwa mwongozo huo, kazi huitwa utafiti ikiwa ni mpya, ina ubunifu, matokeo yake hayajulikani mapema, imepangwa kwa utaratibu, na mtu mwingine anaweza kuirudia. Afisa ugani anayegawa mbegu ya mahindi ya UH 6303 ambayo Uyole walishaithibitisha hafanyi utafiti. Akiipanda pamoja na aina nyingine tatu kwenye udongo wa Kakese ili ajue ipi itahimili, akaandika anachokiona, hapo ameingia kwenye utafiti. Jembe ni lile lile na shamba ni lile lile, lakini kazi moja inahesabiwa na nyingine haihesabiwi.

Jumla ya matumizi hayo hulinganishwa na pato la taifa. Umoja wa Afrika uliweka lengo la asilimia 1 mwaka 2006. Kenya ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye mfuko wa utafiti, ahadi ambayo bajeti zake hazijaikaribia. Tanzania ilikuwa kwenye nusu asilimia hivi mwaka 2013.

Asilimia hiyo huficha jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yenyewe. Inahesabu mahali utafiti ulipofanyika, haihesabu aliyeuliza swali. Fedha ya mfuko wa Seattle ikitumiwa na taasisi ya Dodoma, inaingia kwenye asilimia ya Tanzania sawasawa na fedha ya Hazina. Takwimu za mwaka 2010 zilizotumiwa na UNESCO zinaonyesha kuwa takriban asilimia 42 ya fedha za utafiti nchini zilitoka nje, na kampuni binafsi hazikuchangia hata asilimia moja. Tunaweza kufika lengo la Umoja wa Afrika huku karibu nusu ya maswali yameandikwa ng'ambo.

Makutupora, Dodoma, inaonyesha inavyokuwa. Oktoba 2016 ilipandwa hapo mbegu ya majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yahimili ukame, chini ya mradi wa WEMA. Miongoni mwa wafadhili wake alikuwemo Bill Gates kupitia mfuko wake. Serikali yenyewe ilikuwa imelegeza kanuni ili jaribio liwezekane. Novemba 2018 serikali hiyo hiyo iliamuru majaribio yasimamishwe na mabaki yateketezwe. Unaweza kuunga mkono mbegu hizo au kuzipinga. Kwa maoni yangu kosa lilianza mapema: hatukukubaliana kama taifa swali lipi tunalitaka kabla ya kupokea fedha ya kulijibu. Miaka ya wataalamu wetu ikapotea.

Vipimo pia humwongoza mtafiti aangalie wapi. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilitenga Sh bilioni 1 kuwatuza wanasayansi wanaochapisha katika majarida ya juu kabisa duniani, Sh milioni 50 kwa kila makala iliyoshinda. Nia ni njema, na wasomi wetu wanastahili heshima hiyo. Lakini mtafiti kijana ana mke, ana watoto, na anajua kupiga hesabu. Makala ya dawa ya viwavijeshi wa Kabungu haitaingia kwenye majarida hayo, hata ikiokoa mavuno ya kata nzima. Tukiongeza tuzo ya pili, inayopimwa kwa idadi ya wakulima waliobadilisha kilimo chao na wakabaki nacho baada ya misimu mitatu, tutaona maandiko ya miradi yakibadilika mwaka huo huo.

Katavi sasa ina mlango wake. Chuo Kikuu cha Sokoine kimefungua Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, na masomo ya nyuki ni sehemu ya kazi yake, jambo la maana katika mkoa ambao wafugaji wa nyuki wa Inyonga walijulikana kitambo. Na maswali yapo. Mto Katuma ni mfano. Wakulima wa mpunga huchota maji yake juu, viboko wa Hifadhi ya Katavi huyasubiri chini, na kiangazi hujazana kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2010 makala ya kitaalamu iliyochapishwa nje ilieleza shida ya maji ya Katuma hadi Ziwa Rukwa. Kazi hiyo inahitaji kuendelezwa hapa hapa, kwa vipimo vya kila mwaka, ili mkulima wa Mwamkulu na mhifadhi wa Sitalike wajue maji yanatosha nini na hayatoshi nini.

Ombi langu ni kwa halmashauri tano za mkoa huu. Kila moja iketi na maafisa ugani, wavuvi wa Karema, wafugaji na wakulima, iandike maswali matano yanayoweza kupimwa, iyapeleke kampasini Mpimbwe na COSTECH kabla wito ujao haujatangazwa. Na kwa COSTECH: tengeni sehemu ya MTUSATE kwa maswali yaliyotoka halmashauri, na mwakilishi wa halmashauri iliyouliza akae katika meza ya kuyapima.