Metali ya Gothenburg (2): Waimbaji Waliobadilishana Bendi

Juma lililopita tuliishia mwaka 1993, vijana wa Gothenburg, mji wa bandari ulio wa pili kwa ukubwa nchini Sweden, walipokuwa wameanza kutia melodi ndani ya deth metali. Leo tuzitazame albamu mbili zilizoupa muziki huo sura yake: The Gallery ya Dark Tranquillity, iliyotoka Novemba 1995, na The Jester Race ya In Flames, iliyofuata mapema mwaka 1996. Zote ni albamu za pili za bendi zao, na zote zilirekodiwa Studio Fredman chini ya mtayarishaji Fredrik Nordström.

Tuanze na waimbaji. Albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity, Skydancer (1993), iliimbwa na Anders Fridén, huku Mikael Stanne akipiga gitaa la rithim. Albamu ya kwanza ya In Flames, Lunar Strain (1994), iliimbwa na Stanne huyo huyo, mwimbaji wa kuazima. Kisha Fridén akaondoka Dark Tranquillity, Stanne akaweka gitaa chini akashika maikrofoni, na Fridén akaja kuwa mwimbaji wa In Flames. Zilipofika albamu za pili, kila mmoja alikuwa akiimba pale alipoimba mwenzake kwenye ile ya kwanza. The Gallery inatoka, Stanne alikuwa na miaka 21 tu.

Ilikuwaje bendi zibadilishane waimbaji na bado zikapata sauti zao? Mwimbaji wa deth metali hapandi na kushuka noti, ananguruma. Sauti inakwaruzwa makusudi kooni, na haitoi noti ambayo msikilizaji anaweza kuifuatisha kwa mluzi. Ina mdundo, ina hasira, ina huzuni, lakini melodi haimo. Anayeitaka melodi hana budi kuipa chombo kingine, na vijana wa Gothenburg waliwakabidhi wapiga magitaa. Magitaa mawili yanakwenda pamoja katika mstari mmoja, moja likiwa juu ya jingine kwa noti chache, mtindo ambao Iron Maiden wa Uingereza walikuwa wameuzoesha masikio ya dunia. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi, anayejua solo linavyoimba waimbaji wakinyamaza, atanielewa upesi. Tofauti ni kwamba Gothenburg solo halingoji zamu. Linaimba wakati mwimbaji ananguruma.

Kwenye albamu za kwanza jambo hili lilikuwa halijatulia. Skydancer imejaa mawazo mengi mno: sikio halijaishika melodi moja, nyingine imeshaingia. Katika The Gallery mawazo bado ni mengi, ila sasa vijana wamejua lipi la kulirudia. Sikiliza “Lethe”, uliopewa jina la mto wa usahaulifu katika visa vya Wayunani wa kale. Unaanza kwa upole, taratibu, ndipo uzito unaposhuka. Na Stanne, japo ananguruma, anatamka maneno yakasikika. Huzuni ya mwanzo haifukuzwi na kelele, inabebwa nazo hadi mwisho. Kwangu mimi huo ndio wimbo unaothibitisha kwamba muziki huu una moyo.

The Jester Race inashikika kwa urahisi zaidi. “Moonshield” unafunguliwa na gitaa kavu, kwa melodi yenye ladha ya nyimbo za asili za Sweden, na magitaa ya umeme yanapopokea hayaharibu ule utulivu. Jesper Strömblad, aliyeianzisha bendi mwaka 1990, alipenda nyimbo zinazobaki kichwani, na hapa alizipata. Dramu za albamu hii zimepigwa na Björn Gelotte, ambaye baadaye alihamia kwenye gitaa, na huko ndiko jina lake lilikokua.

Wengi huipa The Jester Race nafasi ya kwanza, na sababu wanazo. Mimi naiweka The Gallery mbele, kwa kuwa inamdai msikilizaji zaidi na inamlipa zaidi.

Bendi ya tatu ya mji huo, At the Gates, haikupita njia hii. Albamu yao ya pili, ya mwaka 1993, bado ilikuwa na msongamano, na ilibidi wafike ya nne, Slaughter of the Soul ya 1995, ndipo wakapunguza karibu kila kitu. Nayo ilirekodiwa Studio Fredman. Juma lijalo tutaanzia hapo.