Kunakili Picha Takatifu: Shule ya Jicho

Kijana wa Kidahwe atakaye kujifunza kuchora kwa rangi za mafuta na aanze kwa kunakili “Wito wa Mtakatifu Mathayo”, picha aliyoichora Caravaggio mwaka 1599–1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Katika chumba chenye giza watoza ushuru wameketi mezani. Yesu anaingia na kunyosha mkono.

Kwanza achore mistari kwa mkaa. Kisha apake rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, akitenga giza na mwanga. Ikikauka, aongeze rangi zenye mafuta mengi zaidi. Akigeuza utaratibu huo, rangi ya juu itapasuka.

Mkono utagundua jambo ambalo jicho lilipita tu: dirisha lipo, lakini mwanga hauingii kwa dirisha hilo. Unatoka upande aliposimama Kristo.

Msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alionya kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni kweli, tukiishia hapo. Basi mwanafunzi akimaliza, achore chumba cha kwao na jamaa zake wakiwa mezani, akijiuliza: humu mwanga unaingilia wapi?