Gwanda, Zizi na Litungu

Mkurya wa mkoa wa Mara anayevuka Daraja la Kirumi, juu ya Mto Mara, kwenda kutafuta maisha hukuta kauli moja inamsubiri ng'ambo: kwamba yeye ni askari wa kuzaliwa. Mitaani Dar es Salaam huambiwa kwa utani, kambini kwa sifa, na kwenye nyumba za watu huambiwa kwa vitendo, anapokabidhiwa rungu la kulinda geti kabla hajaulizwa amesomea nini. Wanaosema hivyo wana ushahidi wao. Katika wakuu wa majeshi walioongoza Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) tangu lilipoanzishwa Septemba 1964, watatu walitoka Mara: David Musuguri, Mzanaki wa Butiama, kisha Ernest Mwita Kiaro, na baadaye George Waitara. Vikosini nako, majina ya Chacha, Marwa na Mwita yamejaa. Lakini idadi ya majina kwenye orodha ya paredi haituelezi watu hao walifikaje pale. Anayesema mtu amezaliwa askari anafuta kazi yote iliyofanywa na mama, baba, mke, rika na wazee kumlea. Hoja yangu ni kwamba askari wa Kikurya hutengenezwa na boma, na kwamba boma lilikuwa na njia ya kumkumbusha deni lake kila aliporudi likizo: litungu lililopigwa mbele yake na mtu anayemjua. Njia hiyo inatoweka. Ikiisha kabisa, tutabaki na kile ambacho watu wa nje walikidhania tangu mwanzo, yaani bunduki isiyo na kwao.

Tuanze na chanzo cha kauli yenyewe. Waingereza walipoajiri askari wa King's African Rifles waliyagawa makabila ya Afrika Mashariki mafungu mawili, ya vita na ya jembe, na Wakurya wakawekwa fungu la kwanza. Mgawanyo huo ulikuwa rahisi kwa ofisa wa kuajiri, kwa sababu ulimwondolea kazi ya kuuliza kwa nini kijana amejipanga mstari. Angeuliza, angejibiwa habari za ng'ombe. Kwa Wakurya mahari hulipwa kwa ng'ombe wengi, na desturi ni kwamba ng'ombe walioingia zizini kwa kuolewa kwa dada ndio wanaotoka kumwolea kaka. Kijana aliyezaliwa kwenye nyumba yenye wavulana watano na msichana mmoja alijua mapema kwamba zizi la baba halitamtosha. Alikuwa na njia chache: kungoja hadi azeeke, kwenda kuvizia ng'ombe wa ukoo mwingine, au kutafuta mshahara. Shule zilikuwa chache na viwanda vilikuwa mbali. Jeshi lilimlipa fedha taslimu mtu aliyejua kutembea usiku, kuvumilia njaa na kukaa kimya akiumia. Kijana huyo alikuwa anatafuta mke na nyumba yake, na bunduki ikawa njia ya kuvipata.

Boma lenyewe ndilo chuo chake cha kwanza, nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Katika boma la jadi zizi hukaa katikati, na nyumba za wake hulizunguka. Kila nyumba ina mama yake, shamba lake, ghala lake na ng'ombe wanaohesabiwa kuwa wa nyumba hiyo, hata kama baba ndiye msemaji wa mali yote. Mtoto wa kiume hujifunza mapema kwamba yeye ni wa nyumba fulani ndani ya boma fulani, ndani ya ukoo fulani, uwe wa Wanyabasi, Wairege, Wanchari, Wakira au mwingine, na kwamba anachokipata huko nje kina wenyewe wanaokingoja. Hujifunza pia kula kwa zamu, kulala karibu na mifugo, kumheshimu aliyetahiriwa kabla yake, na kusimama na rika lake mpaka mwisho. Vitu ambavyo sajini wa depo hujivunia kuwafundisha makuruta, yaani utii kwa aliyetangulia, kutomwacha mwenzako na kutolalamika, kijana wa Tarime au wa Mugumu huvikuta depo akiwa anavijua tayari. Wanaobaki nyumbani wana sehemu kubwa zaidi katika habari hii kuliko wanayopewa. Eva Tobisson, aliyechunguza maisha ya familia za Kikurya na kuchapisha kitabu chake 1986, alionyesha jinsi uhai wa nyumba unavyotegemea kazi ya wanawake. Mume yuko kikosini Ngerengere au Monduli. Mke ndiye anayelima mihogo, ulezi na mahindi, anayechuma kahawa huko milimani, anayejua ng'ombe yupi ana mimba na nani anadaiwa. Askari huyo ana ujasiri wa kukaa lindoni kwa sababu kuna mtu amekaa lindo la nyumbani.

Ndiyo maana ushujaa wa Kikurya ulipimwa kwa kurudi. Jambo hili watu wa nje hawajalielewa kabisa. Wao humwona Mkurya kama mtu asiyeogopa kufa, wakadhani basi hajali kuishi. Lakini hata katika uvamizi wa ng'ombe wa zamani, aliyekufa njiani hakuleta kitu zizini, na aliyerudi peke yake akiwaacha wenzake aliulizwa maswali mazito. Shujaa alikuwa yule aliyerudi na ng'ombe na wenzake. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa Afrika Mashariki walipopelekwa Ethiopia 1941, Madagascar 1942, kisha Burma ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, walipigania himaya isiyokuwa yao. Aliyetoka kwenye boma alikuwa na sababu ya kuishi ambayo mfalme wa Uingereza hakumpa: ng'ombe wa kununua, mke wa kuoa, baba wa kumzika. Mwaka 1978, Idi Amin alipoivamia Kagera, sababu ilikuwa ya taifa na ya haki, na wana wa Mara walikuwa mstari wa mbele hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hata katika vita hiyo ya haki, hesabu ya kurudi haikubadilika. Askari ambaye hangojewi na mtu hupigana akiwa na hasira tu, na hasira huisha upesi kuliko risasi.

Sasa nifike kwenye litungu, maana hapo ndipo hesabu hiyo ilipokuwa ikisomwa hadharani. Litungu ni ala kubwa ya nyuzi 8, bakuli lake limechongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, nyuzi zake zamani zilitokana na kano za mnyama yuleyule. Mvumo wake ni mzito. Unasikika kifuani kabla ya masikioni. Mpigaji hukaa chini kabisa, mzigo huo ukiwa mbele yake, na huimba peke yake au akijibiwa na watu waliomzunguka huku pombe ya ulezi ikinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja. Thamani ya mpigaji imo katika kujua watu. Anamjua aliyeketi mbele yake, anamjua baba yake na babu yake, anajua walihama kutoka wapi, nani aliwahi kuokoa zizi la jirani na nani aliwahi kula mali ya mjane. Anapomwona askari aliyerudi likizo, humwita kwa jina na kwa ukoo, humsifu kwa alikotoka, kisha hummegea na upande mwingine wa habari: mama yako amezeeka, nyumba yako inavuja, mdogo wako bado hajaoa. Askari huinuka, hutoa tuzo, hujigamba kidogo, hucheza. Wote waliopo wamesikia sifa, na wote wamesikia deni. Kesho yake hawezi kuzurura kilabuni akisema hakuambiwa.

Jeshi nalo lina muziki, tena muziki mzuri, na sitaudharau. Bendi za tarumbeta zimewafundisha vijana kutembea kama mwili mmoja. Mwenge Jazz ya JWTZ na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zimewachezesha Watanzania kwa miaka mingi, na kwa askari aliye mbali na kwao usiku wa dansi mesini ni dawa ya kweli ya upweke. Ila muziki huo una kazi yake: kumfanya Mkurya, Mmakonde na Mhehe wasahau kwa muda wametoka wapi, wawe kikosi. Taifa linahitaji kusahau huko, na Nyerere alikuwa na haki ya kulijenga jeshi lisilo na kabila baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari 1964. Lakini mtu hawezi kuishi katika kusahau. Siku moja gwanda hurudishwa stoo, mafao hulipwa, na mtu hupanda basi la Tarime. Bendi ya kikosi haimfuati Nyamwaga wala Sirari. Anahitaji muziki wa kumpokea, utakaomgeuza kutoka namba kuwa Mwita wa fulani, mwana wa nyumba fulani.

Najua nitajibiwa kwamba litungu hilohilo liliwasifu wezi wa ng'ombe. Ni kweli, na hoja hii ina nguvu. Michael Fleisher, aliyeandika juu ya wizi wa mifugo mpakani mwa Tanzania na Kenya, alieleza jinsi silaha zilizoletwa nyumbani baada ya vita vya Kagera zilivyougeuza uvamizi wa mishale kuwa mauaji ya bunduki, na jinsi ng'ombe walivyoacha kuingia zizini wakawa bidhaa ya kuuza ng'ambo ya mpaka. Tarime ililia miaka hiyo. Lakini tutazame nini hasa kilibadilika. Nyimbo za uvamizi zilikuwepo zamani, na zilikuwa na masharti: ng'ombe alitoka kwa adui, alionekana zizini, alioa mke, na watu walijua. Mwizi wa bunduki aliuza ng'ombe wa jirani yake, wa ukoo wake mwenyewe, kabla jua halijachomoza, na fedha yake haikuonekana. Mtu wa namna hiyo huogopa mkutano wa watu wanaomjua kuliko anavyoogopa polisi. Ndiyo sababu tiba iliyofanya kazi zaidi kwetu ilitoka kwenye mkutano: iritongo, baraza la wazi la jamii, likiungana na sungusungu, lilimsimamisha mtuhumiwa mbele ya wazee na majirani na kumtaja kwa jina. Nalo lilikuwa na makosa yake, vipigo vikiwemo. Hata hivyo, nguvu yake ilikuwa ileile ya litungu: hakuna mahali pa kujificha panapokuwa na watu wanaokujua. Lawama iende kwa bunduki na kwa soko. Wimbo ulikuwa shahidi tu, na mara nyingi ulikuwa shahidi wa upande wa boma.

Wengine wataniuliza mbona siongelei ukeketaji. Hauna utetezi, sheria ya 1998 imeupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na mabinti wanaokimbilia nyumba salama Masanga na Mugumu wamesema yote yanayohitaji kusemwa. Vivyo hivyo kumpiga mke na kusema ni mapenzi: hiyo ni aibu, na mzee anayeitaja kama mila anawatukana mama zake. Nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake ili nyumba isife, inahitaji makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba hata hiyo ni desturi ya watu waliohangaikia uhai wa nyumba kuliko kitu kingine chochote.

Pingamizi gumu zaidi ni la vijana. Wanasema nyimbo hazijapotea, zimo kwenye simu, na askari aliye Kongo kulinda amani anaweza kusikiliza litungu usiku akiwa handakini. Nafurahi kwamba anaweza. Lakini wimbo wa kwenye simu uliimbiwa mtu mwingine. Haumjui baba yake, haujui kwamba mwaka huu amefiwa, hauwezi kumgeukia ukamuuliza alipeleka wapi mshahara wa miezi mitatu. Leo sherehe ya kumpokea mstaafu hukodiwa maspika makubwa, na kelele zake huwazuia watu hata kusalimiana. Mstaafu hukaa meza kuu kwenye kiti cha plastiki, hupewa soda, hupigwa picha, na hakuna anayemwambia kitu. Mwaka haujaisha kiinua mgongo kimekwisha, na mtu aliyewahi kuamrisha kombania nzima hukaa barazani hana wa kumsikiliza. Tunashangaa wastaafu wanapolewa, wanapogombana na wake waliokaa bila wao miaka 20, wanapojiona wageni katika maboma waliyoyajenga kwa mshahara wao. Tumewanyima mapokezi. Tumewapa karamu bila kuwapa hukumu ya upendo ambayo karamu ilikuwa imebeba.

Wapigaji wa litungu waliobaki wengi ni wazee, na ujuzi wao haufundishwi kwa kurekodiwa peke yake, kwa sababu nusu yake ni kumbukumbu ya koo na ya watu walio hai. Halmashauri za Tarime na Serengeti zina maofisa utamaduni. Kazi yao isiishie kuandaa vikundi vya kuwachezea viongozi wakati wa mbio za Mwenge. Wawakutanishe wazee hao na vijana wanaotaka kujifunza, wawalipe kama wanavyomlipa fundi yeyote. Familia zinazowapokea wastaafu zina wajibu mkubwa zaidi, nao hauhitaji ruzuku: fedha ya kukodi maspika ikamlete mpigaji mmoja, naye apewe jioni nzima ya kusema kweli. Tukifanya hivyo, tutakuwa na jibu kwa wale wanaotuita askari wa kuzaliwa. Tutawaambia kwamba wana wetu walijua kupigana kwa sababu walijua wanarudi kwa nani, na kwamba jamii inayotaka kuendelea kuzaa askari wa namna hiyo, au walimu, au wakulima, haina budi kuwaita kwa majina yao wanaporudi na kuwadai kilicho chake.